Kwaya ya Wafyatua Matofali

Shule ya Wavulana, Ha Rasefate,
Mokhotlong.
21 Februari 1988

Mjomba Seabata,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku juu imeshaanza kunizoea, wakati nyinyi huko migodini Welkom nadhani bado mnatoka jasho. Mama anakusalimu. Magoti yanamsumbua lakini mdomo hauna ugonjwa wowote. Wiki iliyopita aliniandikia kurasa nne nzima kuhusu mkwe wa jirani. Yule ng'ombe wako mwekundu amezaa jike. Mama anasema ndama sura amechukua kwako.

Sasa nikuambie lililonifanya nikuandikie kabla hata sijapanga nguo zangu. Shule niliyopelekwa ni ya wavulana watupu, na hawa wavulana wanafyatua matofali na kuranda mbao. Majengo yote ya hapa wameyajenga wao. Mpira wanao, mbio za farasi wanazo, ila wimbo hakuna. Hata sala ya asubuhi wanaisema kama watu wanaosoma bei dukani. Nilipouliza mbona hamuimbi, darasa zima lilicheka. Akasimama mmoja aitwaye Khoarai, kijana mkubwa, masharubu tayari, akaniambia kwa adabu zote, kama anayemwita mama yake, "'M'e, kuimba kwa vitabu ni kwa wasichana wa misheni. Sisi wanaume."

Mwalimu mkuu, Ntate Mokhachane, amenipa saa moja kila Alhamisi, tena kwa shingo upande. "Mpaka siku ya wazazi, mwezi wa kumi," alisema. "Wakinitia aibu mbele ya wazazi, saa yangu inarudi kwenye matofali." Alhamisi ya kwanza walikuja wawili, na mmoja wao alikuwa anakwepa zamu ya kuchota maji.

Mjomba, wewe jandoni ulikwenda, mgodini umezeeka, na besi yako ilitikisa vikombe kabatini siku ya harusi ya Mama Mdogo. Wakikusikia wewe, nani atathubutu kusema kuimba ni kwa wasichana? Njoo Pasaka, hata siku moja tu. Simama mbele yao uimbe, mengine niachie mimi. Nisipowapata hawa watoto, kusema kweli sijui nimekuja kufanya nini huku.

Mpwa wako,
Nthofeela


Welkom.
20 Machi 1988

Mwalimu Nthofeela, mtoto wa dada yangu,

Salamu zako nimezipokea, pamoja na lile tusi la ndama. Mwambie mama yako kama ndama ana sura yangu, basi asimchinje, huyo ana uzuri wa kifalme. Magoti na ayakande kwa maji ya chumvi, aache kutembelea wakwe wa watu. Mimi sijambo. Kwenye kitanda cha pili kutoka changu humu bwenini wameniletea mtu mmoja wa kabila la Wapondo anayekoroma kwa sauti mbili. Nimemwambia akitafuta ya tatu tutamwandikisha kwenye kwaya.

Pasaka sitaweza kuja, mambo ya zamu. Lakini nisikilize. Umeanza na kitabu, ndipo ulipokosea. Mvulana wa milimani ukimkalisha kwenye dawati anaogopa kukosea, na kuogopa mbele ya mwanamke hataki, kwa hiyo ananyamaza. Wafuate kwenye kazi yao. Watu wanaoshindilia udongo pamoja lazima waguniane ili mikono iende sawa, na wakishaguniana wameanza kuimba, ila hawajui. Usiwaambie. Chukua koleo, uingie. Na tafadhali usivae vile viatu vyako vya kanisani.

Mjomba wako,
Seabata


Ha Rasefate.
8 Mei 1988

Mjomba,

Shikamoo. Mama magoti nafuu, chumvi imesaidia, ila anasema ushauri ulikuwa wake tangu mwanzo. Mimi mzima, isipokuwa viganja vyangu ukiviona utadhani vya mchimbaji mwenzako.

Nilichukua koleo! Siku ya kwanza waliona haya kwa niaba yangu. Siku ya pili Khoarai akaninyang'anya akisema nawachelewesha, akanipa kazi ya kupaka maji kalibu. Basi nikakaa pale na ndoo yangu, wao wanashindilia, "Hm! Ha! Hm! Ha!", nami nikaanza kuitika chini chini kwa sauti nyembamba kuliko zao. Wakanitazama. Nikaendelea kupaka maji. Baada ya wiki chache walikuwa wamegawana wenyewe, wenye sauti nene upande wa udongo, wenye nyembamba upande wa maji. Siku nilipowaambia, "Hivyo mnavyofanya ndiyo besi na ndiyo sauti ya tatu," Khoarai aliweka chini mti wake wa kushindilia akasema, "Umetuibia, 'M'e." Lakini alikuwa anacheka. Siku hizi Alhamisi darasa linajaa, na tenzi moja ya kanisani tunaimba sauti zote nne.

Kuna jingine la kukufurahisha. Jana nilikuwa nafua mtoni nikawasikia wale wakubwa ng'ambo ya kilima, wanakata nyasi za kuezekea na wanaimba wimbo nisioujua. Mjomba, nililia kwenye povu la sabuni. Nikakimbilia karatasi nikauandika wote kwa do-re-mi, na leo nimeunakili ubaoni ili uwasubiri Alhamisi. Nimekuwekea na wewe ukurasa wake humu, uniangalizie besi.

13 Mei. Mjomba, barua ilikuwa haijaondoka, nafungua tena bahasha. Jana wakubwa waliingia, wakauona ubao, wakageuka wakatoka wote. Wadogo walibaki wananitazama kama mgeni aliyeingia jikoni mwa watu akafunua sufuria. Khoarai alisimama mlangoni amenipa mgongo, akasema, "Futa, 'M'e." Basi. Nimefuta. Nimewauliza wadogo, hawajui. Nimemwuliza Ntate Mokhachane, akakumbuka ghafla kwamba ana mkutano. Nimefanya nini? Nijibu haraka, nakuomba.

Nthofeela


Welkom.
5 Juni 1988

Nthofeela,

Salamu zitakuja siku nyingine. Ule ukurasa nimeuchoma kabla sijafika mwisho wake. Usiniulize kwa nini. Mama yako huuliza kila kitu chini ya jua, na hilo hajawahi kuniuliza. Kuna nyimbo ambazo mwanaume hupewa mahali fulani, na ni huko huko zinakokaa. Wewe ulilelewa Maseru, nyumbani kwa mchungaji, hukuwa na wa kukuambia. Tena ni mimi niliyekutuma ukawasikilize, kwa hiyo kosa hili tumelizaa wawili.

Sasa fanya hivi. Waite wakubwa. Ubao, hata kama ulishaufuta, uoshe kwa maji wao wakiona. Karatasi uliyoandikia itie motoni wao wakiona. Kisha uwaambie maneno haya tu: "Siku ile upepo ulikuwa unavuma, sikusikia kitu." Usiombe msamaha, Nthofeela, hata kama utauma ulimi. Ukiomba msamaha umekiri kwamba ulisikia, na hapo watalazimika kukuhukumu. Usiposikia, hakuna kesi.

Nakuandikia hapa kwenye dirisha la kugawia taa, na zamu ya mchana wameshapanga mstari kuja kuchukua zao. Iwe heri.

Mjomba wako,
Seabata


Ha Rasefate.
17 Julai 1988

Mjomba wangu,

Shikamoo, tena mara mbili. Barua yako imechelewa kwa sababu ya theluji. Njia ya mlimani ilifungwa, ikaletwa na mtu wa farasi ndani ya blanketi lake. Tunalala na soksi. Mama amenitumia kofia ya sufu aliyofuma mwenyewe, sikio moja kubwa kuliko jingine.

Nilifanya kama ulivyosema. Niliosha ubao mpaka mikono ikafa ganzi. Karatasi niliitia kwenye jiko la darasani, nikayasema yale maneno, nikauma ulimi. Walitazama jiko mpaka karatasi ikawa majivu, nikajua nimewakosa. Ndipo Khoarai akasema, "Hata sisi hatukusikia, 'M'e. Upepo ulikuwa mkali sana siku ile." Wenzake wakaitikia, mkali sana, mkali sana, ulikaribia kuezua mapaa. Kisha akaniuliza, "Nani amekufundisha kusema hivyo?"

"Mjomba wangu, yuko mgodini."

"Amekwenda kule wanakokwenda wanaume?"

"Amekwenda."

"Basi huyo ni mtu. Mlete tumwone."

Mjomba, wamerudi wote. Na wamenipa wimbo, huu wa halali, ule wa wanaume wa kuimbwa uwanjani mbele ya chifu, mokorotlo ambao hata wanawake na watoto tunausikia. Ni wa babu yake Khoarai, unaeleza ng'ombe waliovuka mto uliofurika. Wanataka kuuimba siku ya wazazi, Jumamosi ya tarehe mosi Oktoba, baada ya tenzi. Ila mimi siwezi kuuongoza kwa kuwa ni mwanamke, na Khoarai hataki kuuongoza mbele ya baba zake kwa kuwa bado mdogo. Wanakutaka wewe. Wameshaamua, wala hawakuniuliza. Kwenye matofali hawataji jina jingine ila Ntate Seabata, na wanavyokusifu, mwenyewe ungeona haya.

Utakuja? Na Mjomba, mbona unagawa taa? Si kazi yako ni chini, na mashine ya kutobolea mwamba?

Nthofeela


Welkom.
21 Agosti 1988

Mwalimu,

Nakusalimu wewe na kofia yako ya masikio mawili tofauti. Huku upepo wa Agosti umetujaza mchanga mpaka kwenye ugali. Timu ya bweni letu imefungwa na wapishi, aibu ambayo hatujui tutaificha wapi. Yule Mpondo amepata mke huko kwao na sasa anakoroma kwa furaha. Nyama ya Jumapili imepungua. Nimenunua blanketi jipya, la rangi ya kahawia, maua ya njano. Mwambie mama yako limenipendeza.

Umefanya vizuri mno kwa wale watoto. Nilicheka peke yangu niliposoma habari za upepo ulioezua mapaa, watu wakageuka kunitazama.

Habari ya taa, duniani hapa kila mtu ana kitu anachogawa.

Oktoba sitaweza. Kuna mashindano ya kwaya za migodi, na besi bila mimi haisimami. Mwambie Khoarai aongoze mwenyewe. Masharubu si anayo?

Mjomba wako,
Seabata


Ha Rasefate.
4 Septemba 1988

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mipichi imeanza kutoa maua na theluji imebaki vileleni tu. Mama amesema blanketi la kahawia ni la wazee, ungechukua la bluu.

Ntate Molupe, baba wa mvulana wangu mmoja wa sauti ya kwanza, alikuja likizo kumzika mama yake, akapita kunisalimia. Mnakaa naye bweni moja. Alisema wewe hujambo. Nilimwuliza maandalizi ya mashindano yanaendaje, akaniambia, "Mashindano gani, 'M'e?" Kisha akatazama viatu vyake. Nikamwongezea chai. Tukaongea habari za mazishi. Alipopanda farasi akasema huko mgodini usiku mnakohoa sana, wote, ni vumbi tu. Sikumwuliza zaidi.

Vijana sijawaambia kitu. Sina cha kuwaambia, kwani upepo ulikuwa unavuma.

Mjomba, nimebadili ombi langu. Usije kuimba. Njoo ukae kwenye kiti usikilize. Huku hakuna mwenye sikio la kuniambia besi zangu zinapwaya wapi. Mimi ndiye nimewafundisha, na mzazi hasikii mtoto wake akiimba vibaya. Na hata hilo la besi ni kisingizio. Nataka uwepo. Tangu baba afariki hakuna mtu wangu aliyewahi kuja kuona ninachofanya.

Nthofeela


Welkom.
18 Septemba 1988

Nthofeela,

Molupe ana mdomo.

Nitakuja. Nitakaa kwenye kiti. Usinitambulishe kwa watu. Khoarai mwambie nina mafua.

Seabata


Ha Rasefate.
9 Oktoba 1988

Mjomba wangu,

Shikamoo, popote itakapokufikia barua hii. Nimeituma Mafeteng kwa mama, kwa kuwa dereva wa lori lililokuchukua alisema ulishukia njia ya huko. Jumapili ile niliamka kukuchemshia chai nikakuta umekunja blanketi za wageni vizuri kabisa na umeshaondoka. Uliondoka bila kuniaga. Nimekaa na jambo hilo wiki nzima.

Kwanza nikueleze upande wangu. Mimi sikumwambia Ntate Mokhachane kitu. Alisikia kwa wazazi kwamba mwimbaji wa migodi yupo, na tenzi ilikuwa imemfurahisha mno, ndiyo maana alisimama akakutaja mbele ya uwanja mzima. Kina mama wakapiga vigelegele. Vijana walikuwa wameshajipanga na mablanketi yao, Khoarai ameniamini kwamba una mafua na ameshakubali kuongoza, na sasa anakuona unaitwa. Ukanitazama. Nami nilisimama pale kama gogo, maana kila neno ambalo lingekuokoa lingekutangaza. Nisamehe kwa hilo, na safari hii naomba msamaha kweli.

Ukainuka. Ulipotoa mstari wa kwanza, Mjomba, nilisema moyoni Molupe ni mwongo. Vijana wakakuitikia na ardhi ikaitika. Kisha ukaanza mstari wa pili, ng'ombe wanafika mtoni, na pumzi ikakatika katikati. Nilikuona mkono kifuani. Wewe unajua kuliko mimi kwamba katika wimbo ule waitikiaji hawaingii mpaka kiongozi amefunga mstari wake, na kumwingilia mkubwa ni kumpokonya neno mdomoni. Baba zao wote walikuwa pale wanatazama. Khoarai alikuangalia, akaangalia chini, halafu akaingia. Aliingia polepole, kwenye noti yako ile ile, wenzake wakamfuata mmoja mmoja, hata wale wadogo, na ng'ombe wako wakavuka. Ukapata nafasi ya kuvuta pumzi, ukaanza wa tatu, wakakuingilia tena, na tena, mpaka mwisho. Wazee walikuwa wanatazamana. Sikujali wazee, Mjomba. Nililia mbele ya wazazi wote na kijiti changu cha kuongozea kwaya mkononi.

Ntate Mokhachane ametuachia Alhamisi na ametuongezea Jumanne. Anasema matofali hayaozi.

Lakini kuna shauri limebaki. Jana Khoarai alikuja na wenzake, wamevua kofia. "'M'e, tulimkatiza mzee," akasema. "Watu wazima wa kijiji wametusema. Wanataka tuurudishe wimbo kwenye njia yake. Sisi tumesema hatugusi kitu mpaka tupate neno la Ntate Seabata mwenyewe." Nimewauliza wamekosea kwa makusudi au kwa bahati mbaya. Khoarai amesema hilo nalo watakujibu wewe, si mimi.

Kwa hiyo wamesimamisha mazoezi wanakusubiri. Na mimi nakusubiri.

Nthofeela


Nyumbani kwa mama yako,
Mafeteng.
30 Oktoba 1988

Nthofeela, mwanangu,

Tunakusalimu sote. Mama yako ananilazimisha kunywa uji mchachu asubuhi na jioni, na yule ndama nimemwona, uongo mtupu, hatufanani hata kwato. Magoti yamepona, sasa anatembea mpaka kwa yule mkwe kwenda kugombana naye uso kwa uso.

Sikurudi Welkom. Nilipokuja kwako nilikuwa nimeshaondoka na sanduku langu lote, nililiacha kwa mwenye lori. Kifua changu kimekwisha, Nthofeela. Ni vumbi, na halitoki. Chini waliacha kunishusha mwaka jana, wakaniweka kwenye taa, na kwaya niliiacha mwenyewe kabla hawajaniambia. Sikukuandikia kwa sababu kwenye barua zako nilikuwa bado na sauti, na nilipenda kukaa humo. Daktari wa Mafeteng anasema nikitulia nitakuwepo. Muda gani hakusema, na mimi upepo ulikuwa unavuma.

Niliondoka bila kukuaga kwa kuwa nililia usiku ule kama mtoto aliyeachishwa ziwa, na asubuhi uso ulikuwa haufai kuonwa na mpwa. Sikuwa na hasira na wewe. Usiliweke moyoni hata kidogo.

Sasa shauri la vijana, uwasomee mwenyewe, wakubwa na wadogo, kwa sauti.

Wazee wa kijiji wana haki. Wimbo ule una njia yake, na siku ile mliuvunja. Ningekuwa mtu wa zamani ningedai mbuzi. Nimeimba na wanaume wakubwa, tumebeba vikombe tukavipandisha juu ya makabati, na ikitokea mtu pumzi ikamwishia, tulimsubiri kwa heshima mpaka amalize aibu yake. Hakuna aliyewahi kuniingilia. Sikujua mtu anaweza kuingiliwa hivyo akashukuru.

Neno langu ni hili. Msiurekebishe. Wa wazee waachieni wazee, nao wataulinda. Huu mliouimba ni wa shule ya Ha Rasefate, na uimbwe hivyo hivyo hata na kiongozi mwenye pumzi za farasi. Watakaokuja mwakani nao wafundishwe kuingia mapema.

Barabara ikikauka nitapanda kuja, nikae kwenye kiti. Pengine siku moja nitasimama nijaribu tena. Khoarai asinisubiri nimalize.

Mjomba wenu,
Seabata